Ati ni Shilingi Hamsini Tu? Njoo Mfangano Tuhesabu

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia. Wanaoisema ni watu wa fani yangu, vijana wenzangu wa kuandika programu, na huisema wakiwa wameketi Kilimani au Westlands, kikombe cha kahawa mezani: "Lakini ndugu yangu, ni shilingi hamsini tu!"

Wanazungumzia ile ada ambayo eCitizen imekuwa ikiongeza juu ya malipo ya huduma nyingi za serikali. Unalipia huduma, halafu chini yake kuna mstari mwingine: shilingi 50. Wameiita ada ya kurahisisha mambo. Nami nauliza: kumrahisishia nani?

Kabla hujanirukia, nijitambulishe kwa wasionijua. Mimi ni mzaliwa wa Mfangano, kile kisiwa kilicho ng'ambo ya Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Nimesomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu na mkate wangu wa kila siku unatoka kwenye kuandika programu. Siyaogopi mashine, na sitaki turudi kwenye faili za karatasi zenye vumbi. Nasema haya kama fundi anayeijua kazi hii, na nasema kwa sauti kubwa kwa sababu mafundi wenzangu wamenyamaza.

Haya, tuanze mwanzo.

TULIFIKAJE HAPA

eCitizen ilianza mwaka 2014 ikiwa na huduma chache tu. Desemba 2022 Rais William Ruto aliagiza malipo yote ya serikali yapitie mahali pamoja, na Wizara ya Fedha ikaifanya nambari moja ya malipo, 222222, kuwa mlango wa fedha zote za huduma za serikali kuu. Juni 2023 serikali ikazindua rasmi huduma zaidi ya 5,000 kwenye mfumo huo. Mwanzoni kulikuwa na huduma za kuhesabika kwa vidole. Leo karibu kila kitu, kutoka pasipoti hadi tiketi ya kuingia mbuga ya wanyama, kinapita hapo.

Nikiri lililo jema. Zamani ukienda ofisi ya serikali ulikutana kwanza na mtu wa mlangoni, kisha mtu wa mtu wa mlangoni, na kila mmoja ana mkono uliokunjuliwa. Faili "ilipotea" mpaka utoe kitu kidogo ndipo ionekane. Fedha taslimu zilipokewa, risiti ikaandikwa kwa kalamu, na zilikoishia Mungu ndiye ajuaye. Kuziondoa fedha mikononi mwa makarani lilikuwa jambo la maana. Anayepinga hilo ama alikuwa karani, ama alikuwa broka.

Lakini kutibu ugonjwa mmoja si ruhusa ya kuleta mwingine. Ukimfukuza mwizi nyumbani kwa watu, huwi na haki ya kuwatoza ada ya mlango maisha yao yote.

HESABU YA DARASA LA SITA

Chukua pasipoti ya kawaida ya kurasa 34. Tangu Machi 2024 bei yake ni shilingi 7,500. Ongeza 50. Hiyo 50 ni chini ya asilimia 1 ya gharama. Mtu anayeomba pasipoti ana safari mbele yake; pengine anakwenda Dubai, pengine London. Hata haioni.

Sasa chukua cheti cha tabia njema, kile tunachokiita gudi kondakti. Kijana wa kazi ya ulinzi, ya hoteli au ya udereva hawezi kuomba kazi bila hicho. Bei ni shilingi 1,000, ongeza 50. Hapo ada imekuwa asilimia 5. Na ikiwa huduma ni ya shilingi 200, ile 50 ni robo nzima ya bei!

Unaona mchezo? Kadiri huduma ilivyo ndogo, ndivyo ada inavyouma. Na huduma ndogo ndogo ndizo za watu wadogo. Mwenye kununua pasipoti anachangia chini ya senti moja kwa kila shilingi ya huduma yake, na mwenye kutafuta kazi ya ulinzi anachangia senti tano. Hii ni kodi ya kichwa. Babu zetu waliifahamu vizuri enzi za mkoloni: tajiri na maskini wote kiwango kimoja, kana kwamba wote wana mfuko mmoja.

Tazama sasa M-Pesa. Hii ni biashara ya kampuni inayotafuta faida, na haijifichi. Lakini ada zake ni za ngazi: ukituma kidogo unakatwa kidogo, ukituma kingi unakatwa zaidi. Kampuni yenye wanahisa wanaosubiri gawio ilifikiria kwamba mtu wa shilingi 200 hawezi kutozwa sawa na mtu wa shilingi 50,000. Serikali yenye katiba, bunge na mahakama ikashindwa kufikiria hivyo. Si aibu hiyo?

Nawaambia wenzangu: kuandika ngazi za ada ndani ya programu ni kazi ya nusu saa. Ni jedwali moja dogo. Mtu asije akasema "mfumo hauruhusu". Mfumo huruhusu kile mwenye mfumo anachotaka.

PESA ZA ZIWANI HAZIJI MWISHO WA MWEZI

Sasa nifike kwetu, kwa sababu hapa ndipo wenzangu wa Nairobi wanaponipotezea mwelekeo.

Mfangano pesa nyingi hutoka majini. Omena huvuliwa usiku, kwa taa, na usiku mzuri ni ule wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mashua hupumzika. Halafu kuna kipindi cha kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, ili samaki wazaliane. Ni sheria nzuri kwa ziwa, lakini kwa mama anayeanika omena pale Sena ni miezi ya kufunga mkaja. Mbuta naye ana siku zake: leo wamejaa, kesho nyavu zinarudi na magugu.

Maana yake ni kwamba mtu wa ziwani hana mshahara wa tarehe 30. Ana 800 leo, 300 kesho, kesho kutwa hana kitu. Kwa hiyo hulipa vitu kidogo kidogo. Ndivyo anavyojenga nyumba, bati moja moja. Ndivyo anavyosomesha.

Sasa kumbuka kilichotokea Januari 2024. Wizara ya Elimu, kupitia Katibu Belio Kipsang, iliagiza karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia eCitizen. Karo! Hebu fanya hesabu. Karo ya mwaka ya shule hizo ilikuwa imewekwa shilingi 53,554. Mzazi mwenye mshahara Nairobi analipa mara tatu kwa mwaka, muhula kwa muhula. Ada ya 50 mara tatu: shilingi 150. Mama wa omena anayelipa 1,500 kila anapopata atalipa mara 36. Mara 36 kwa 50 ni shilingi 1,800.

Shule ileile. Darasa lilelile. Karo ileile. Mwenye nacho ameongezewa 150, asiye nacho ameongezewa 1,800. Mara kumi na mbili!

Na kuna wazazi wasiolipa kwa pesa kabisa. Wengi wetu tumesoma na watoto ambao karo yao iliingia shuleni kama magunia ya mahindi, maharagwe au mzigo wa kuni, na mwalimu mkuu mwenye utu akapokea. Hebu niambieni, gunia la mahindi linaingizwaje kwenye nambari ya malipo 222222?

Wazazi na wanaharakati walikwenda kortini. Februari 2024 Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo, na tarehe 1 Aprili 2025 Jaji Chacha Mwita akalitupilia mbali: halikuwa na msingi wa kisheria, na umma haukushirikishwa. Hata ile shilingi 50 aliigusa, akasema kuwalazimisha wazazi kuilipa hakuna sheria inayokuunga mkono.

Jambo hilo limo ndani ya Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 210: hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa ila kwa mujibu wa sheria. Huhitaji digrii ya sheria kuelewa hapo. Kama unataka kuchukua pesa ya mwananchi, nenda bungeni useme ni kiasi gani, kwa nini, na inakwenda wapi. Huwezi kuipitisha kwa kuandika mstari mmoja zaidi kwenye programu.

"KIDIJITALI" MPAKA UFIKE GATINI

Tuendelee. Hiyo 50 ni ncha tu. Kilichofichika chini ni kikubwa zaidi.

Rudi kwa kijana wetu wa gudi kondakti. Tuseme anaishi Sena, amemaliza kidato cha nne, ana simu ya mulika mwizi. Tangazo la kazi limetoka Kisumu. Afanye nini?

Kwanza atafute mwenye kompyuta. Simu yake haifungui tovuti ile kwa namna ya kueleweka, kwa hiyo anakwenda saiba au kwa kijana mwenye simu kubwa. Huyo anataka chake. Pili, afungue akaunti. Tatu, alipe 1,050 kwa M-Pesa, na M-Pesa yenyewe ina makato yake, na ndani ya makato hayo kuna ushuru wa serikali, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka asilimia 12 hadi 15. Nne, achapishe fomu ya C24, tena pande zote mbili za karatasi moja, na risiti. Hapo tena saiba.

Halafu, baada ya "udijitali" wote huo, inabidi abebe vidole vyake mwenyewe mpaka kwenye meza ya mtu avipakwe wino. Huduma Centre ya kaunti yetu iko mjini Homa Bay. Kwa hiyo: boti kutoka Sena hadi Mbita, zaidi ya saa moja majini ikiwa ziwa limetulia. Kisha matatu hadi Homa Bay. Kisha foleni. Kisha matatu kurudi. Alasiri upepo ukishika na mawimbi yakipanda, nahodha mwenye akili haondoki, na kijana wetu atalala Mbita. Atalala wapi? Kwa pesa gani?

Nauli ya boti sitaiandika hapa kwa sababu inapanda na kushuka na petroli. Lakini jambo moja halibadiliki. Kila mwezi EPRA hutangaza bei ya juu ya mafuta kwa miji, na wananchi wa mjini huijua bei yao kabla hawajafika pampuni. Petroli ya boti hufika kisiwani kwenye mitungi, imebebwa na boti nyingine, na kila mkono ulioishika umeongeza kitu. Bei ya kwenye gazeti haiogelei mpaka kwetu.

Sasa niambie tena: huduma hii ni ya kidijitali? Kilichohamia mtandaoni ni kulipa. Kuchukua pesa kumerahisishwa sana, kunafanyika kwa sekunde tatu, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Kutoa huduma kumebaki palepale kulipokuwa, kwenye meza, Jumatatu hadi Ijumaa. Mfumo ulioharakisha upande wa kupokea pesa ukaacha upande wa kutoa huduma kama ulivyokuwa, sisi mafundi tuna jina lake: kazi nusu. Mteja wa kawaida akiletewa kazi kama hiyo hatalipa ankara.

NA SI VISIWANI PEKE YAKE

Hapa ndipo huwa naambiwa: "Watu wa Mfangano ni wachache. Mfumo wa taifa hauwezi kupangwa kwa ajili ya kisiwa kimoja."

Sawa. Ondoka Mfangano twende Nairobi penyewe. Mama mboga wa Mathare anapata pesa vipi? Kwa siku. Analipa vipi? Kidogo kidogo. Mjenzi wa mtaa wa Mukuru akitaka cheti, anapoteza nini? Anapoteza siku ya kibarua, na siku hiyo harudishiwi. Boti hana, lakini ana foleni, na foleni ni ziwa lake. Anakwenda saiba ileile, analipa kijana yuleyule wa kumjazia fomu, anakatwa 50 ileile.

Mji mkubwa umejaa Mfangano ndogo ndogo. Tofauti ni kwamba Nairobi zinafichwa na maghorofa. Ukisimama Upper Hill huzioni. Ukisimama kisiwani, umaskini wa mfumo unaonekana wazi kwa sababu maji yapo katikati na huwezi kuyajifanya hayapo.

Ndiyo maana nasema Mfangano ndipo mahali pa kupimia. Programu inayomfaa mtu wa Sena itamfaa mtu wa Mathare, itamfaa mtu wa Turkana, na yule wa Westlands haitamdhuru hata kidogo. Programu iliyopimwa Westlands tu itamfaa mtu wa Westlands.

MLANGO MMOJA UKIFUNGWA

Kuna jambo la kiufundi ambalo kila mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa mapema: usijenge kitu ambacho sehemu moja ikianguka, vyote vinaanguka.

Julai 2023, wiki chache tu baada ya ule uzinduzi wa huduma 5,000, eCitizen ilishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Halikuvunja mlango kuiba. Lilifanya jambo la kitoto zaidi, kuumiminia mfumo maombi ya uongo mengi mno mpaka yale ya kweli yakakosa nafasi. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio. Watu walikwama kununua tiketi za treni, wengine wakashindwa kununua tokeni za umeme. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusu kundi hilo. Watu wawili!

Lakini sikiliza hili. Wakati mfumo umelala, serikali ilitangaza kwamba wageni waliotakiwa kuomba viza mtandaoni wangepewa viza wakifika uwanja wa ndege. Vizuri sana. Mtalii alitafutiwa njia ya pembeni. Basi njia ya pembeni inawezekana! Karani yupo, muhuri upo, kitabu cha risiti kipo. Kwa nini ilipatikana kwa mgeni anayeshuka kwenye ndege, isipatikane kwa mwananchi anayeshuka kwenye boti?

PESA ZENYEWE ZINAKWENDA WAPI?

Swali la mwisho ndilo lenye uchungu. Shilingi 50 ni ndogo ukiwa nayo mfukoni. Zizidishe kwa malipo milioni moja, zinakuwa shilingi milioni 50. Malipo milioni kumi, nusu bilioni. Huo ni mto.

Nani anauchota? Mfumo huu ulijengwa na unaendeshwa kwa msaada wa makampuni binafsi. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliibua wasiwasi kwamba serikali haina udhibiti kamili wa mfumo wenyewe, na bado inawategemea hao wachuuzi. Fikiria hilo kidogo. Mlango mmoja wa fedha zote za huduma za serikali, na mwenye nyumba hana hakika kama funguo zote ni zake.

Sipingi makampuni kulipwa. Mimi mwenyewe ni mtu wa kulipwa kwa kuandika programu, na seva hazilishwi nyasi. Lakini kazi ya serikali hulipwa kwa bajeti, kwa zabuni iliyo wazi, kwa mkataba ambao mwananchi anaweza kuusoma. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ipo. Kifungu cha 35 cha Katiba kipo. Kuchapisha kila mwezi jumla ya malipo, jumla ya ada na waliolipwa ni kazi ya programu fupi inayojiendesha yenyewe usiku. Kama haijaandikwa, ni kwa sababu kuna asiyetaka iandikwe.

Majirani nao wapo. Tanzania ilianza mfumo wake wa GePG mwaka 2017, ukajengwa na wataalamu wa serikali yenyewe. Mtu anapewa kumbukumbu namba ya malipo, kisha anakwenda kulipa benki, kwa wakala, au kwa simu ya mtandao wowote. Ile namba inaweza kuandikwa hata kwenye kipande cha karatasi. Nao wana malalamiko yao, lakini namba iliyoandikwa kwenye karatasi haihitaji bando. Estonia, nchi ambayo wanasiasa wetu hupenda kuitaja wakirudi safari, iliuweka wazi msimbo wa X-Road, uti wa mgongo wa huduma zake, mwaka 2016 ili yeyote auone. Tunapiga picha na watu wa Estonia, lakini lile la kuweka mambo wazi tunaliacha uwanja wa ndege.

NINACHODAI

Mtu akilalamika bila kusema anataka nini, huyo anapiga domo tu. Basi nataka haya sita.

1. Ada iondolewe kabisa kwa huduma yoyote isiyozidi shilingi 1,000. Kwa zilizobaki iwe ya ngazi, na ipitishwe kwa sheria bungeni, hadharani.

2. Ankara moja, ada moja. Mtu akilipa mara moja au mara 36, atozwe mara moja tu. Mfumo tayari una nambari ya kila ankara, kwa hiyo unajua kabisa kwamba ni ileile.

3. Kila huduma ya msingi ipatikane kwa simu ya mulika mwizi, kwa kubonyeza nyota na namba, kwa Kiswahili chepesi. M-Pesa ilifanya kazi kwenye simu za aina hiyo tangu 2007. Haikumuuliza mtu kama ana barua pepe.

4. Mashine ya alama za vidole ije kwa watu. Huduma Centre huwa na safari zake za mashinani. Zipangiwe siku inayojulikana kila mwezi, pale Sena, kwa ratiba iliyobandikwa kwa chifu na kutangazwa redioni. Serikali iliahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Wadi ya Mfangano ni wadi. Tunasubiri.

5. Mfumo ukianguka, siku za kuchelewa zisihesabiwe dhidi ya mwananchi, na afisa aruhusiwe kupokea maombi kwa karatasi siku hiyohiyo. Kama ilivyofanyika kwa mtalii.

6. Hesabu ziwekwe wazi kila mwezi. Zote.

Na msije mkasema kisiwani hakuna wa kutumia teknolojia. Miaka ya 2010 mwanzoni, kabla hata eCitizen haijazaliwa, kituo cha jamii cha Ekialo Kiona kilikuwa tayari na kompyuta zinazotumia umeme wa jua Mfangano, na kikaunganisha intaneti na upimaji wa virusi vya Ukimwi: mtu anapima mara kwa mara, naye anapata kutumia kompyuta bure. Jina hilo kwa Olusuba maana yake ni dunia nzima. Waliojenga pale waliwaangalia kwanza watu, wakaona wanahitaji nini, ndipo wakaleta mashine. Ada ya mlango haikuwepo.

Kwenu mafundi wenzangu nina neno moja. Tunapenda kusema sisi tunaandika tu programu, siasa hatuijui. Si kweli. Aliyeandika ule mstari wa kuongeza 50 kwa kila malipo aliandika sera ya kodi, hata kama alidhani anafunga kazi ya Ijumaa alasiri. Kila tunapochagua kwamba mtumiaji "lazima" awe na simu kubwa, tumeamua nani ni raia kamili na nani ni raia nusu. Mkubwa akikuletea kazi kama hiyo, muulize maswali. Muulize ni sheria gani. Muulize anayelipa mara 36 atakuwaje. Ukiona anakereka, jua umeuliza swali lenyewe.

Na safari nyingine mtu akikuambia ni shilingi hamsini tu, usibishane naye. Mwambie akulipie wewe, mara 36.